Tusiisome sensa kwa jumla peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu namna tunavyozitumia takwimu za idadi ya watu. Tangu matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 yatangazwe, namba inayotajwa mikutanoni, redioni na hata kwenye maandiko ya miradi ni moja tu: watu 61,741,120. Wenye hofu wanaitaja kwa hofu, wenye fahari wanaitaja kwa fahari, na wote wanaishia hapo. Mtu anayetakiwa kuamua kijengwe nini, wapi na lini hapati msaada mkubwa kwenye jumla hiyo. Kinachomfaa ni jedwali la umri, nalo lipo, isipokuwa wanaolifungua ni wachache.

Nianze na kosa linalorudiwa zaidi. Kati ya 2002 na 2012 Watanzania waliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikapanda hadi asilimia 3.2. Wengi wakahitimisha papo hapo kwamba kina mama wa leo wanazaa kuliko mama zao. Tafiti za kaya zinasema kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke alikadiriwa kuzaa watoto zaidi ya 6 katika maisha yake. Utafiti wa 2004/05 ulipata wastani wa 5.7, wa 2015/16 ukapata 5.2, na wa 2022 ukapata 4.8. Uzazi unashuka, tena kwa mwendo wa kinyonga, lakini unashuka. Iweje basi kasi ya ongezeko ipande?

Sababu ya kwanza ni kwamba watoto hawafi kama zamani. Kwa utafiti wa 2004/05, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa utafiti wa 2022 walikuwa 43. Maana yake, kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, zamani walifika miaka mitano 888 na sasa wanafika 957. Hao ni karibu watoto 70 zaidi bila mwanamke yeyote kubeba mimba ya ziada. Chandarua chenye dawa, chanjo, dawa mseto ya malaria na kina mama wengi zaidi kujifungulia kituoni ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Anayelalamikia ongezeko la watu angefaa aseme kwanza kama analalamikia hilo pia.

Sababu ya pili ndiyo isiyoeleweka kabisa, nayo ni wingi wa kina mama wenyewe. Fanya hesabu rahisi. Wanawake 10 wakizaa watoto 6 kila mmoja, wanazaliwa watoto 60, na nusu yao, yaani 30, ni wasichana. Hao 30 wakikua wakaamua kuzaa watoto 4 tu kila mmoja, wanazaliwa watoto 120. Uzazi wa kila mwanamke umepungua kwa theluthi nzima, na idadi ya watoto wanaozaliwa imeongezeka maradufu. Kwa hiyo mganga mfawidhi anayeona wodi ya wazazi inazidi kufurika mwaka hadi mwaka asidhani lazima huduma za uzazi wa mpango zimeshindwa. Mambo hayo mawili yanaweza kutokea kwa pamoja, na hapa kwetu ndivyo yanavyotokea.

Huu ndio msukumo unaotokana na muundo wa umri. Tanzania ya leo ina wasichana wa chini ya miaka 15 zaidi ya mara mbili ya wanawake wa miaka 30 hadi 44. Hata kama kuanzia kesho kila mwanamke angezaa watoto wawili na asiongeze, idadi ya watu ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kwa kuwa mama wa miaka ya 2030 na 2040 wameshazaliwa. Mjadala wa "tuzae" au "tusizae" unahusu Tanzania ya 2060. Tanzania ya 2035 imekwishaamuliwa, na kazi iliyobaki ni kuiandalia nafasi.

Sababu ya tatu niitaje kwa kifupi: ubora wa kuhesabu. Sensa ikiwafikia watu wengi kuliko iliyotangulia, kasi ya ongezeko huonekana kubwa kuliko ilivyo. Chukua mfano wa nchi yoyote ambayo sensa yake ya kwanza ilikosa asilimia 3 ya watu na ya pili, miaka kumi baadaye, ikakosa asilimia 1. Tofauti hiyo peke yake inaongeza karibu asilimia 0.2 kwenye kasi ya kila mwaka. Mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi, maeneo ya kuhesabia yakachorwa upya kwa ramani za kidijiti, na dodoso lisilokamilika lilijulikana mapema. Tofauti ya asilimia 2.7 na 3.2 isomwe kwa kukumbuka hilo.

Sasa tushuke kutoka taifa kwenda mikoani, kwa sababu hapa ndipo asilimia 3.2 inapofanya uharibifu. Kuna kanuni nyepesi: gawanya 70 kwa kasi ya ongezeko, unapata takribani miaka ambayo idadi itachukua kuongezeka maradufu. Kwa taifa, 70 kwa 3.2 ni miaka 22. Katavi, iliyokua kwa asilimia 7.1 kwa mwaka, ilitoka watu wapatao 565,000 mwaka 2012 ikafika zaidi ya milioni 1.15 mwaka 2022. Ilijirudufu ndani ya miaka kumi. Pwani ilitoka milioni 1.1 hadi milioni 2.0. Kilimanjaro ilikua kwa asilimia 1.3, ambayo kwa kanuni ileile ni zaidi ya nusu karne. Na Dar es Salaam, ambayo kila mtu hudhani inaongoza, ilikua kwa asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa.

Haya hayana fumbo. Kilimanjaro kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa vizazi na vizazi hadi hakigawanyiki tena, na vijana wanahama. Katavi kuna ardhi, na wakulima na wafugaji wanahamia. Dar es Salaam haijapungua mvuto, bali imemwagikia nje ya mpaka wake: anayefanya kazi Kariakoo anajenga Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo, na karani wa sensa anamhesabu mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Ofisa mipango wa Pwani anayetumia kasi ya taifa atajenga nusu ya anachohitaji, na wa Kilimanjaro atajenga madarasa ambayo baada ya muda yatageuzwa stoo.

Nije kwenye kazi yenyewe, hasa kwa madiwani, watendaji wa kata na walimu wakuu. Utaratibu uliozoeleka ni kuchukua jumla ya watu wa kata mwaka 2022, kuizidisha kwa asilimia 3.2 kila mwaka hadi mwaka unaotakiwa, kisha kukisia kwamba asilimia fulani ni watoto wa shule. Njia hiyo inakisia kitu kisichohitaji kukisiwa. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza Januari 2028 alikwisha kuhesabiwa mwaka 2022. Anachohitaji ni kufuatiliwa.

Tuchukue kata ya mfano. Kwenye jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja kuna watoto 600 ambao hawajatimiza mwaka na watoto 620 wa mwaka mmoja. Tuchukulie mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Watakaokuwa na miaka 6 kamili Januari 2028 ni waliozaliwa kati ya Januari 2021 na Januari 2022. Ukirudi siku ya sensa, waliozaliwa kuanzia mwishoni mwa Agosti 2021 hadi Januari 2022 walikuwa hawajatimiza mwaka, nao ni miezi mitano kati ya kumi na miwili ya kundi lile la 600. Waliobaki, wa miezi saba, walikuwa na mwaka mmoja. Kwa hiyo chukua 600 mara 5 gawanya kwa 12, unapata 250. Chukua 620 mara 7 gawanya kwa 12, unapata 362. Jumla ni 612. Toa vifo: vingi hutokea mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza wa maisha, na hawa wengi wao walikwisha kuivuka miezi hiyo, hivyo kupunguza asilimia 2 kunatosha. Unabaki na watoto 600. Ukigawa kwa 45, ambao ndio ukomo wa wanafunzi kwa darasa moja, unahitaji mikondo 14.

Kata isiyo na jedwali la mwaka mmoja mmoja itumie kundi la miaka 0 hadi 4 na kuligawa kwa tano. Si sahihi sana, lakini inakaribia.

Kinachoharibu hesabu hiyo zaidi ya vifo ni uhamaji, nao una kipimo chake. Chukua watoto wa miaka 0 hadi 4 waliohesabiwa katani mwaka 2012, uwatafute mwaka 2022 wakiwa na miaka 10 hadi 14. Tuseme walikuwa 1,900 na sasa ni 2,200. Uwiano ni 1.16. Usikimbilie kusema wameingia asilimia 16, kwa sababu ndani ya namba hiyo kuna vifo vinavyoipunguza na kuna watoto wachanga waliorukwa na sensa ya 2012 wanaoiongeza. Piga uwiano huohuo kwa taifa zima, ambako uhamaji wa ndani haubadilishi jumla. Ukipata, tuseme, 0.98, gawanya 1.16 kwa 0.98: unapata 1.18. Makosa ya kuhesabu yamekatana, na sasa unajua kwamba kata imepokea asilimia 18 kwa miaka kumi. Kwa miaka mitano na ushee kutoka Agosti 2022 hadi Januari 2028 ni kama asilimia 9. Wale 600 wanakuwa 654, na mikondo inakuwa 15.

Tahadhari moja kubwa: kabla ya kulinganisha 2012 na 2022, hakikisha kata ni ileile. Kata nyingi ziligawanywa katikati ya sensa hizi mbili. Ukilinganisha kata mama ya 2012 na kipande kilichobaki 2022 utaona watu "wamehama" ambao hawakuhama, ila wamepewa mtendaji mwingine. Jumlisha vijiji au mitaa yote iliyokuwa ndani ya mpaka wa zamani, hata kama leo iko kwenye kata tatu.

Kosa lingine ni kuhesabu madarasa kwa wanaoingia peke yao. Darasa la saba nalo linatoka. Kama wanaoingia ni 600 na wanaomaliza mwaka uliotangulia walikuwa 420, shule za kata zinaongezeka wanafunzi 180. Gawa kwa 45: vyumba vinne vipya na walimu wanne wapya, mwaka huo mmoja, ili hali ibaki ilivyokuwa na si ili iwe bora. Mwaka unaofuata ni hesabu nyingine, na unaofuata nyingine. Harambee ya kujenga vyumba viwili, picha zikapigwa na utepe ukakatwa, katika kata ya aina hii ni kurudi nyuma vyumba viwili. Na chumba bila vifaa ni ukuta tu: wanafunzi 180 wakikaa watatu kwa dawati ni madawati 60, wakiwa wasichana 90 na wavulana 90, kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, ni matundu matano ya wasichana na manne ya wavulana. Vyoo ndivyo husahaulika. Havionekani kwenye hotuba.

Pia kuna wanaochelewa. Ada ya shule za msingi ilipofutwa kuanzia 2002, na elimu bila malipo ilipopanuliwa hadi kidato cha nne Januari 2016, walijitokeza watoto wa miaka minane, tisa na zaidi waliokuwa wamekaa nyumbani. Darasa la kwanza la mwaka wa namna hiyo linazidi hesabu ya umri, na miaka saba baadaye uvimbe huohuo unafika kidato cha kwanza. Anayeshangaa Januari kwamba nafasi za kidato cha kwanza hazitoshi alikuwa na miaka saba ya kujiandaa. Orodha ilikuwa kwenye rejesta.

Baada ya kusema hayo niwe mkweli kuhusu jedwali la umri lenyewe, kwa kuwa nalo lina kasoro zake. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa akiulizwa umri hujibu 30, 40, 50 au 60. Ukichora jedwali la mwaka mmoja mmoja utaona vilima kwenye namba zinazoishia na sifuri na tano, na mabonde pembeni yake. Makarani hupewa kalenda ya matukio ili kusaidia: ulizaliwa kabla au baada ya Uhuru wa 1961, Muungano wa 1964, Azimio la Arusha la 1967, Vita ya Kagera, kifo cha Sokoine 1984? Ikitumiwa kwa subira inasaidia sana. Jioni, karani akiwa amechoka na nyumba zimebaki kumi, kalenda inabaki mkobani. Kwa watu wazima, basi, usitumie umri wa mwaka mmoja mmoja. Tumia makundi, tena kilima kikae katikati ya kundi: 28 hadi 32, kwa mfano, hukiweka 30 katikati pamoja na wale wa 29 na 31 kilichowavuta.

Kwa watoto kosa ni la aina nyingine. Mtoto wa miezi kumi huandikwa "mwaka mmoja" kwa sababu mzazi anataja umri unaokaribia. Kichanga cha wiki mbili husahaulika kabisa, hasa kama bado hajapewa jina. Ndiyo maana kundi la chini ya mwaka mmoja mara nyingi huonekana dogo kuliko la mwaka mmoja, jambo ambalo katika nchi yenye vizazi vinavyoongezeka halina mantiki. Kwenye mfano wangu hapo juu, 600 dhidi ya 620, mtakwimu makini angenyanyua nyusi.

Dawa ya kasoro hiyo iko zahanati. Rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinaonyesha watoto wangapi walipata chanjo ya kwanza. Kituo kinapotoa taarifa kwamba kimechanja asilimia 112 ya watoto wote wa eneo lake, watu hucheka na kumlaumu mhudumu kwa kupika takwimu. Mara nyingi mhudumu hana kosa. Idadi ya watoto waliochanjwa inaweza kuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni namba ya chini, ile ya watoto wanaokadiriwa kuwapo, iliyotokana na makadirio ya zamani au kasi ya wastani wa taifa. Sababu ya pili ni kina mama wa kata jirani kuvuka kufuata kituo chenye huduma nzuri. Zitofautishe kwa kuangalia makazi kwenye rejesta: wakitoka nje ya eneo, ni uvukaji; wakiwa wenyeji, makadirio ni madogo, na hapo ndipo pa kuyarekebisha. Isipofanyika hivyo, chanjo zinaagizwa kwa watoto 100 wakati waliopo ni 112, na wale 12 wanarudishwa nyumbani.

Nigusie wazee, ambao kwenye mjadala huu hawatajwi. Sehemu ya watu wenye miaka 60 na zaidi haijabadilika sana kati ya sensa mbili. Imebaki chini kidogo ya asilimia 6. Anayesoma asilimia atasema hakuna jipya. Lakini asilimia ileile ya watu wengi zaidi ni wazee wengi zaidi: walikuwa karibu milioni 2.5 mwaka 2012 na karibu milioni 3.5 mwaka 2022. Dirisha la wazee hospitalini, dawa za shinikizo la damu na kisukari, wataalamu wa macho, vyote hivyo hufuata idadi. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, na mpango wa namna hiyo hauwezi kupangiwa bajeti bila jedwali la umri lililosafishwa vile vilima vya 60, 70 na 80.

Kuhusu uzazi wenyewe nina mambo mawili tu. La kwanza ni umri wa kuanza kuzaa, ambao una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Chukua koo mbili ambazo kila mwanamke anazaa watoto wanne, wawili wakiwa wasichana. Katika ukoo wa kwanza wanazaa kwa wastani wakiwa na miaka 24, katika wa pili wakiwa na miaka 30. Ndani ya miaka 120 ukoo wa kwanza umepata vizazi vitano na umeongezeka mara 32. Wa pili umepata vizazi vinne na umeongezeka mara 16. Hakuna aliyezaa pungufu ya mwenzake. Kwa hiyo msichana akibaki shuleni hadi amalize, hesabu ya taifa inabadilika bila mtu kuhubiriwa idadi ya watoto. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 mwaka 2015/16. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni waliojifungua, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019 kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vina uzito kwenye idadi ya watu, ingawa hujadiliwa kana kwamba ni mambo ya maadili peke yake.

La pili ni akiba ya dawa. Matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa yalikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16 na asilimia 31 mwaka 2022, yaani yamesimama. Maelezo ya mila na dini yapo, lakini kuna sababu ya ghalani ambayo haitajwi. Kituo huagiza kwa kuangalia kilichotumika robo iliyopita. Tuseme katika siku 90 sindano ziliisha kwa siku 30, na siku 60 zilizobaki zikatumika 120. Mtunza stoo akiandika "matumizi 120" na kuagiza 120, amekosea: mahitaji halisi ni 120 gawanya kwa 60 mara 90, yaani 180. Robo inayofuata wanawake 60 watakosa, matumizi yataandikwa madogo tena, na oda itazidi kupungua. Ukiangalia takwimu za wilaya utasema wanawake hawataki. Kumbe walifika na wakaambiwa warudi wiki ijayo. Safu ya siku ambazo dawa haikuwapo iko kwenye fomu. Ijazwe, na itumiwe.

Nimalizie na vijana. Watoto waliokuwa chini ya miaka 15 siku ya sensa ni karibu asilimia 43 ya Watanzania, zaidi ya milioni 26. Agosti 2037 wote watakuwa kati ya miaka 15 na 29. Ukiacha vifo, ni wastani wa zaidi ya vijana milioni 1.7 wanaotimiza miaka 15 kila mwaka hadi hapo. Kwa sasa kila watu 100 wenye umri wa kufanya kazi wana wategemezi zaidi ya 80, wengi wao watoto. Uzazi ukiendelea kushuka uwiano huo utapungua, na ndiyo faida ambayo wachumi huisubiri kwa hamu. Wanachosahau kusema ni kwamba kijana wa miaka 22 asiye na kazi huhesabiwa kwenye jedwali kama nguvu kazi huku nyumbani bado analishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vikao vya kupanga bajeti za halmashauri huanza miezi mingi kabla. Naomba gazeti lako, kabla ya vikao hivyo, lichapishe kwa kila wilaya namba nne badala ya moja: watoto wa chini ya miaka 5, wa miaka 5 hadi 14, vijana wa 15 hadi 29, na wazee wa 60 na zaidi, kila moja ikiwa na ile ya 2012 pembeni yake. Ukurasa mmoja unatosha, na diwani anaweza kuukata akaenda nao kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Msomaji wenu,
Morogoro